Kuchambua arudhi ya shairi la ulimbwende: mfano wa "Ozymandias"

Aliyezoea mashairi ya Kiswahili huhesabu mizani: nane kwa nane, kazi imekwisha. Kwa washairi wa ulimbwende (Romanticism) wa Uingereza hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa mshororo wao hupimwa pia kwa mkazo wa sauti. Silabi nyepesi ikifuatwa na nzito huitwa iambi. Iambi tano kwa kila mshororo ndiyo kanuni ya "Ozymandias", soneti ya mishororo 14 ya Percy Bysshe Shelley, iliyochapishwa London Januari 1818.

Chukua mshororo wa mwisho, uusome huku ukigonga meza: the LONE and LEV-el SANDS stretch FAR a-WAY. Silabi 10, mapigo 5. Sasa sikiliza "stretch". Kikanuni ni nyepesi, lakini imesheheni konsonanti hata ulimi hauwezi kuipita mbio. Mshororo unavutika palepale unapotaja mchanga uliotanda. Takriri ya "l" katika "lone" na "level" inasaidia kazi hiyohiyo.

Vina viko mwishoni tu, havina wenzao wa kati. Ukivipa herufi utapata ABABACDCEDEFEF, mpangilio usio wa kawaida kwa soneti. Tena "stone" na "frown" havilingani sawasawa, wala "appear" na "despair". Mimi naona inafaa: sanamu inayosimuliwa imevunjika, na vina navyo vina nyufa.

Katika mbinu, kinaya ndicho kikubwa. Ozymandias ni jina la Kigiriki la Ramses II, farao wa Misri. Maandishi chini ya sanamu yanawaamuru wenye nguvu watazame kazi zake wakate tamaa. Mara inakuja sentensi fupi, "Nothing beside remains", yaani hakuna kingine kilichobaki, na inakoma katikati ya mshororo. Mwanafunzi akiandika "kuna kinaya" bila kuonyesha kituo hicho, bado hajachambua. Aangalie na mapigo: mshororo unaanza kwa silabi nzito, NOTH-ing, kinyume cha iambi. Baada ya kituo, zito lingine: ROUND the de-CAY. Mwendo unakwama mara mbili katika mshororo mmoja, mara tu baada ya majigambo ya mfalme, na mshororo unaofuata nao una zito la namna hiyo, BOUND-less and BARE; ni wa mwisho tu unaorudi kwenye iambi iliyotulia, kwa sababu jangwani hakuna tena wa kujigamba.