Msitegemee baridi: wanyama wa sakafu ya bahari ya Antaktika na tumbo la meli yako

Msimu wa meli za kwenda Antaktika huanza Novemba na kumalizika Machi. Kabla haujaanza, kitengo chetu huwapa mafunzo mabaharia wa mwambao huu waliopata ajira kwenye meli za kitalii na za utafiti zinazoelekea huko, na kila mwaka malalamiko ni yaleyale. Kwa nini buti zioshwe mara mbili? Kwa nini mifuko ya koti ifyonzwe vumbi na mashine? Kwa nini meli isumbuliwe kwa ajili ya kome wawili watatu, na huko kwenyewe ni barafu tupu, si watakufa tu?

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha niandike. Makala hii ni ya elimu tu. Haichukui nafasi ya sheria wala ya maelekezo ya nahodha wako.

Maji ya Antaktika hushuka hadi karibu nyuzijoto 1.9 chini ya sifuri yakabaki maji, kwa sababu ya chumvi. Chini yake kuna sifongo wenye umbo la mtungi, wengine warefu kumpita mtu, kuna viti vya pweza, minyoo inayojijengea vijumba vya chokaa, na briozoa, wanyama wadogo mno wanaoishi kwa kubanana hata ukawaona kama ukoko mweupe juu ya jiwe. "Barafu tupu" ni maneno ya aliyetazama juu tu.

Wengi wa wanyama hao hawahami wakishakua. Safari yao ni ya utotoni, wakiwa mabuu yanayoelea na mkondo mpaka yapate pa kushika. Yule wa miiba anayechoma watu miguu kwenye miamba ya kwetu humaliza maisha ya kuelea kwa wiki chache. Ndugu yake wa Antaktika, Sterechinus neumayeri, huelea karibu siku 115 kabla ya kutua. Wengine hawathubutu hata hivyo: mama huyalea mayai mwilini mwake na watoto hutoka wakiwa tayari kutambaa, ndiyo maana hawafiki mbali.

Wakishatua, hukua polepole sana. Ubao ukikaa majini bandarini Mombasa wiki chache tu, umeshaota ndevu. Kwenye bahari za ncha za dunia kibao kinaweza kumaliza mwaka mzima kikawa na vidoa vya hapa na pale. Upande wa kaskazini, katika mlango-bahari wa Fram kati ya Greenland na Svalbard, fremu yenye vibao vya majaribio iliteremshwa mwaka 1999 hadi kina cha mita 2,500 hivi. Ilipopandishwa mwaka 2017, baada ya miaka 18, ilikuwa na aina 13 tu za wanyama.

Sababu kuu ni tatu. Baridi hupunguza kasi ya kazi zote za mwili, na kujenga protini humgharimu mnyama zaidi. Chakula cha mwani huja kwa wingi kiangazi kifupi, kisha hupungua. Ya tatu ni barafu yenyewe. Kwenye maji mafupi vilima vya barafu hukwaruza sakafu na kufagia kila kilichoota. Mtafiti Mmarekani Paul Dayton, aliyeanza kupiga mbizi McMurdo, huko Antaktika, miaka ya 1960, alieleza sakafu iliyopangwa kama ngazi: hadi mita 15 hivi karibu patupu, kwa sababu fuwele za barafu huganda juu ya mawe na wanyama kisha huwanyanyua na kuondoka nao, kuanzia hapo hadi mita 33 wamo wanyama kadhaa wa kujibandika, chini zaidi ndiko makazi ya sifongo.

Sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoteleza. Kusema "polepole" si kusema "hakuna", wala si kusema "siku zote". Dayton huyohuyo aliwafuatilia sifongo wakubwa miaka mingi bila kuona wachanga wakitua kwenye vifaa alivyoviacha chini. Aliporudi mwaka 2010 akakuta vifaa hivyo vimejaa sifongo, na wengine wameshanenepa. Rafu ya barafu ya Larsen A, yaani bamba kubwa la barafu la Antaktika lililokuwa likielea na kuifunika bahari, iliporomoka mwaka 1995, mwanga ukaingia majini. Kati ya 2007 na 2011 sifongo wa kioo (wenye mifupa kama ya kioo) mahali hapo waliongezeka mara tatu kwa idadi na mara mbili kwa uzito. Yaani mlango ukifunguka, wapo wanaoingia mbio.

Mlango wenyewe hauhitaji kufunguka sana. Kwenye kituo cha utafiti cha Uingereza cha Rothera, hukohuko Antaktika, wanasayansi waliweka sakafuni vibao vinavyopashwa joto, vingine kwa nyuzijoto 1 zaidi ya maji, vingine kwa 2. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Kwenye ongezeko la nyuzijoto 1 tu, briozoa mmoja, Fenestrulina rugula, alikua kwa kasi ya karibu mara mbili na katika miezi miwili akavitawala vibao, akiwabana wenzake. Huyo ni mwenyeji. Fikiria akiwa mgeni.

Na wageni wameshaanza kubisha hodi. Mwaka 2019 kome wachanga, wadogo kuliko punje ya mtama, walionekana kisiwa cha King George huko Antaktika, kwenye ghuba ya Fildes. Kabla ya hapo, kome wa kigeni walishakutwa hai ndani ya meli ya utafiti ya Afrika Kusini iliyokuwa ikienda na kurudi Antaktika. Hawakuwa kwenye ubavu wa meli. Walikuwa kwenye visanduku vya kuvutia maji ya bahari, nyuma ya wavu, ambako barafu haifiki. Kwa hiyo ndugu yangu anayeniandikia kila msimu kwamba "barafu itakwangua yenyewe", jibu ni lilelile: itakwangua bapa la nje, na utakachokibeba hasa kimejificha kwenye matundu.

Wenye majahazi hawahitaji kuelezwa haya. Chombo kisipopandishwa pwani kikakwanguliwa na kupigwa deheni, kinabeba bustani. Tofauti ni kwamba jahazi huibeba bustani hiyo kutoka Lamu hadi Zanzibar, bahari ya namna moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba meli zinazofika Antaktika zimeunganishwa na bandari 1,581 duniani.

Kuhusu utaratibu. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari juu ya viumbe wanaoota kwenye meli ulitolewa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2023. Unataka meli iwe na mpango wa usimamizi na daftari la kumbukumbu. Daftari si pambo: huandikwa tarehe ya kupaka rangi ya kuzuia viumbe, tarehe na mahali pa kila ukaguzi na kila usafishaji, na nani aliufanya. Matundu hutajwa moja moja: visanduku vya maji, mashimo ya propela za pembeni, mhimili wa usukani, na sehemu zilizokalia magogo chelezoni, ambazo rangi haikufika. Kuandika "meli safi" hakutoshi.

Kwa wanaoshuka nchi kavu: nguo za nje zifyonzwe vumbi, kwanza mifuko na vifungo vya kunata, soli zichokonolewe kwa brashi na pini, buti zichovywe dawa kabla ya kushuka na baada ya kurudi, kisha tamko la kuwa umefanya hivyo litiwe sahihi. Abiria walio nchi kavu kwa wakati mmoja wasizidi 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu.

Adhabu hutolewa na nchi inayohusika, kwa sheria zake. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, mkataba wa kulinda mazingira ya Antaktika iliyoanza kutumika 1998, inakataza kuingiza kusini mwa latitudo 60 kiumbe asiye wa huko bila kibali. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1994, kwa mfano, makosa yanaweza kukufikisha kwenye faini, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. "Sikujua" tumeshaisikia.

Ukikuta kitu kimeota nyuma ya wavu na meli tayari iko njiani, usikikwangue kikaangukia majini. Kipige picha na rula pembeni, andika saa na mahali meli ilipo, mwite ofisa wa zamu. Kama umeshakitoa, kiweke kwenye chupa yenye kifuniko na uandike juu yake kimetoka tundu lipi.