Nani atanunua betri za mwaka wa kumi?

Mwaka 2010 Pemba iliachana na majenereta ya Wesha. Kebo ya chini ya bahari ililazwa kutoka Tanga, sehemu kubwa kwa fedha za Norway, na kisiwa kikaunganishwa na gridi ya Bara. Sisi tunaoshughulika na umeme wa visiwani tunaupenda mfano huo, lakini visiwa vingi duniani havina Tanga ya kuegemea. Kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,700. Umeme wa Mahé lazima uzalishwe palepale, na kwa miaka yote hiyo umezalishwa hasa kwa mafuta yanayoshushwa na meli. Hata maji yanategemea mafuta hayo: mvua zikichelewa, mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari huwashwa, nayo inakula umeme kwelikweli.

Nchi za namna hii zimesaidiwa sana, na mimi nimo katika kazi hiyo, najua thamani yake. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba misaada mingi inanunua mitambo bila kununua miaka ya kuitumia.

Nianze na Tokelau, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Ni visiwa vitatu vya matumbawe katika Pasifiki, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, chini ya Nyuzilandi, vyenye watu wapatao 1,500. Hakuna uwanja wa ndege. Unafika kwa boti kutoka Samoa, safari ya zaidi ya siku nzima. Dizeli nayo ilifika kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2012, kwa fedha za Nyuzilandi, zilifungwa paneli 4,032 na betri 1,344, na karibu umeme wote ukawa wa jua. Magazeti ya dunia yalishangilia, na walistahili kushangiliwa.

Kisha maisha yakaendelea. Mtu akipata umeme wa uhakika usiku na mchana hununua friza, maana samaki anayehifadhiwa ni chakula cha kesho. Matumizi yakapanda kuliko mitambo iliyofungwa, na majenereta yakaanza tena kuunguruma kwa saa nyingi zaidi. Sioni kosa la wananchi hapo. Umeme uliletwa ili utumike. Shida ni kwamba mradi ulihesabiwa kwa mahitaji ya siku ya uzinduzi. Tena betri zile zilikuwa za madini ya risasi na asidi, kama za magari, ambazo kwenye joto la visiwani hata zikitunzwa vizuri ni nadra kupita miaka kumi kwa nguvu zake. Paneli inaweza kuzidi miaka 20. Kwa hiyo ndani ya maisha ya paneli moja unanunua betri mara mbili, pengine tatu, na mhisani aliyekata utepe hakuahidi kurudi.

Shelisheli wana tatizo la namna nyingine. Mwaka 2013 mitambo minane ya upepo yenye jumla ya megawati 6 ilizinduliwa karibu na bandari ya Victoria, mji mkuu ulioko Mahé, ikajengwa na Masdar, kampuni ya nishati ya Abu Dhabi, kwa fedha za Mfuko wa Maendeleo wa Abu Dhabi. Sera ya nishati ya nchi iliweka lengo la asilimia 15 ya nishati jadidifu ifikapo 2030. Msomaji atauliza, mbona kidogo hivyo kwa nchi yenye jua na upepo?

Jibu liko kwenye jenereta za dizeli zenyewe. Gridi ndogo haina wa kuishika mkono ikiyumba. Wingu likipita juu ya paneli, nguvu inaporomoka kwa sekunde chache, na lazima kuwe na mashine ambayo tayari inazunguka ili izibe pengo kabla taa hazijazimika. Mashine hiyo inachoma mafuta hata wakati jua linawaka. Nayo haipendi kufanya kazi nyepesi: ukiiendesha muda mrefu chini ya kama theluthi ya uwezo wake, mafuta hayaungui sawasawa, masizi na mafuta mabichi vinaganda kwenye njia ya moshi, silinda zinaharibika. Kwa hiyo opereta anafika mahali anapunguza umeme wa jua, ambao ni wa bure, ili jenereta ipate mzigo wa kutosha. Ukiongeza paneli tupu bila betri zenye inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa gridi) zinazoweza kushikilia masafa ya gridi, yaani mdundo wa umeme usiyumbe, unaongeza umeme wa kutupwa. Mahé inahitaji betri hizo kuliko inavyohitaji paneli.

El Hierro, katika Visiwa vya Kanari, wamelivuka hilo kwa upepo wa megawati 11.5 na mabwawa mawili, moja juu na jingine chini: upepo ukizidi wanapandisha maji, ukipungua wanayateremsha yakazungusha turbaini. Mwaka 2019 walipitisha zaidi ya siku 20 mfululizo bila dizeli. Lakini El Hierro ni sehemu ya Hispania, na gharama ya ziada ya umeme wa visiwani inabebwa na mfumo wa nchi nzima. Victoria haina mtu wa kubebeana naye.

Upo pia ushirikiano unaofunga nchi kwenye mafuta. Kuanzia 2005 Venezuela iliuzia mataifa ya Karibi mafuta kupitia Petrocaribe, sehemu ya bei ikilipwa hadi miaka 25 kwa riba ya asilimia 1 pipa lilipozidi dola 40. Kwa serikali iliyobanwa ilikuwa nafuu ya kweli. Ila deni lilikua: mwaka 2015 Jamaika ililazimika kukopa kwingine dola bilioni 1.5 ili kufuta deni la takriban bilioni 3. Mafuta yaliyozaa deni hilo yalikwisha kuungua.

Ndiyo maana nikipewa rasimu ya mkataba wa sola wa kisiwa chochote, naenda kwanza kwenye kurasa za mwisho. Natafuta vitu vitatu: akaunti maalumu isiyoguswa kwa matumizi mengine, ambamo sehemu ya fedha za dizeli isiyonunuliwa inaingia kila mwezi kwa ajili ya betri, vipuri vya inveta vilivyohifadhiwa kisiwani, kwa sababu chumvi haisubiri meli, na mafundi wa hapohapo waliofunzwa kwa kuufunga mtambo wenyewe, badala ya semina ya siku tatu. Mara nyingi nakipata hicho cha semina tu. Akaunti ndiyo inayopingwa zaidi, kwa kuwa wizara ya fedha inataka ahueni ya dizeli iingie bajeti ya mwaka huohuo, na mhisani anaona si kazi yake kubishana na wizara. Mimi naona ni kazi yake, na wakati wa kubishana ni kabla paneli hazijapakiwa melini, mkataba ukiwa bado haujasainiwa.