Je, wajua kwa nini aliyevaa hedifoni huongea kwa sauti kubwa?

Mwite mtu anayesikiliza muziki mkali kwa hedifoni. Atakuitikia kwa ukelele, na ukimwambia apunguze atashangaa, maana kwake yeye ameongea kama siku zote. Usimwone mfidhuli.

Tunapoongea, masikio yetu nayo hutusikiliza. Sauti yako hukurudia kwa hewa na kupitia mifupa ya fuvu, na ubongo huipima papo hapo. Ikimezwa na kelele, pumzi na koo huongezewa nguvu bila wewe kuamua. Ndiyo maana abiria wa daladala yenye muziki hupaza sauti, na akishuka kituoni huishusha mwenyewe.

Aliyeeleza jambo hili ni Étienne Lombard, daktari Mfaransa wa masikio, pua na koo, katika makala yake ya 1911. Alimzungumzisha mgonjwa huku kifaa kikimpigia kelele sikioni. Sauti ya mgonjwa ilipanda, kelele ilipokatwa ikashuka, na mwenyewe hakugundua. Lombard akaona hapo njia ya kuwanasa wanaojifanya viziwi. Kiziwi kweli haisikii kelele hiyo, kwa hiyo sauti yake haibadiliki. Anayeigiza huumbuliwa na koo lake mwenyewe. Ni mtego wa akili sana, kwani hata ukionywa usipaze sauti, kujizuia ni vigumu.

Tena si ukubwa wa sauti tu unaobadilika. Sauti huwa nyembamba zaidi na irabu hurefuka, hivyo maneno husikika vizuri kuliko yale ya upole yaliyokuzwa kwa spika tu. Na mtu anayeongea na mwenzake hupaza zaidi kuliko anayejisomea peke yake: mwili unataka ueleweke.

Hata ndege wanayo hali hii. Katika jiji la Berlin, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba aina moja ya ndege waimbao usiku na alfajiri huimba kwa nguvu zaidi penye kelele za magari, na asubuhi za siku za kazi kuliko za wikiendi.

Wanakwaya wanapaswa kulijua hili. Mwimbaji asiyejisikia hukaza koo mpaka sauti inakauka, naye hana habari. Kabla ya kumlaumu, mgeuzieni spika moja imwelekee yeye.