Aksoloti Hatafuni: Angalia Kwanza Sakafu ya Tangi

Simu nyingi kuhusu aksoloti (salamanda wa majini, anayefanana na mjusi) zinazoingia siku hizi kwenye kitengo chetu cha wanyama wa majini huanza hivi: "Daktari, aksoloti wetu anaelea, tumbo limejaa, na hajala siku ya tatu leo." Hatuanzi kwa kuuliza amekula nini. Tunauliza chini ya tangi mmeweka nini, na mara nyingi mno jibu ni changarawe za rangi.

Tunaelewa zilikotoka. Tangu mnyama huyu aingizwe kwenye mchezo wa kompyuta wa Minecraft mwaka 2021, watoto wa familia zetu hapa Marekani wanamtaka, na wazazi wanamnunua kwa nia njema, tangi na mapambo yake vikiwa pamoja. Kosa ni kudhani kwamba atachagua. Hachagui. Hufumbua mdomo ghafla, maji yakafyonzwa pamoja na chochote kilicho karibu, na meno yake ni ya kushikilia tu. Kokoto ikishaingia humezwa, kisha huziba utumbo. Ziondoeni leo. Sakafu tupu inatosha. Mchanga laini, wenye chembe zisizozidi milimita moja, ni wa waliokwisha kupita urefu wa sentimita 12 hivi.

Mlo mkuu ni nyungunyungu, aliyetolewa kwenye udongo usionyunyiziwa dawa, akasuuzwa, na kukatwa akiwa mrefu. Wale wekundu wembamba wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu, kwa hiyo aksoloti akiwatema msikimbilie kusema hana hamu ya kula. Makinda hula kila siku, hasa uduvi wachanga wa maji chumvi walio hai. Mkubwa hula mara mbili au tatu kwa wiki, na tumbo lake lisizidi sana upana wa kichwa. Huyo anayekuja kiooni kila mnapopita hana njaa, amewazoea tu. Samaki hai wa kulishia huleta vimelea. Moyo wa ng'ombe, dagaa wa chumvi na ugali (ndiyo, tumeulizwa) si chakula chake.

Halafu kuna joto, ambalo wengi hawalihusishi kabisa na tumbo. Asili yake ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, na tangi lake linatakiwa kuwa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Likipanda kupita 22, mnyama huanza kuteseka: hukataa kula, hutapika alichokula, au hujaa gesi akaelea bila kuweza kushuka. Msimtie kifaa cha kupasha maji. Hata kama nyumba ni ya baridi.

Kwa mnaohamia California: jimboni humo ni marufuku kumiliki aksoloti bila kibali maalumu, na kibali hicho hakitolewi kwa ajili ya kufuga tu nyumbani. Sababu ni hofu kwamba akitoroka atazaana na salamanda wa asili wa huko. Mnyama anaweza kuchukuliwa, na adhabu ya madai ni kati ya dola 500 na dola 10,000 kwa kila kosa. "Sikujua" si utetezi. Mtafutieni mlezi katika jimbo linaloruhusu kabla ya kufunga mizigo, na msimwachie mtoni, jimbo lolote lile.

Mkimleta kwetu, awe kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa, ndani ya maji ya tangi lake mwenyewe. Barafu iwekwe nje ya chombo, si ndani ya maji. Chupa ya pili, safi, ibebe maji ya tangi kwa ajili ya kupima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangini. Kinyesi kikipatikana, kileteni kwenye mfuko wake, pamoja na picha ya sakafu ya tangi. Msimpe mafuta ya nyonyo wala dawa yoyote ya kuharisha, na msimtie kwenye friji kwa sababu jirani alifanya hivyo. Kila mnyama tunamwamulia baada ya kumchunguza. Kwenye fomu jazeni tarehe ya mlo wa mwisho, aina ya mlo na joto la maji la asubuhi hiyo. Eksirei huonyesha mawe waziwazi, kwa hiyo pale fomu inapouliza kama kuna kitu amemeza, msiandike "hapana" kabla hamjahesabu mapambo.