Risasi, ile metali ya sumu ya kwenye betri, ipo kwenye udongo, sawa, ila mchicha unakula kiasi gani?

Mama mmoja analima mchicha nyuma ya gereji hapa Tabora mjini, pale mafundi wanamwaga maji ya betri na oili chafu miaka yote, akatuletea udongo maabara kwenye kopo la rangi, swali lake moja tu: mwanangu, huu mchicha unalika au niung'oe?

Sasa wengi hapo wanakimbilia kupima risasi yote, yani udongo unachemshwa na asidi ya nitriki na haidrokloriki mpaka inatoka hata ile iliyong'ang'ania kwenye chembe, mzizi hauipati ng'o. Namba inatisha kweli, lakini mchicha nao una asidi ya kuchemshia?

Mzizi unakunywa kilichoyeyuka na kinachoachia kirahisi, kwa hiyo sisi tunatumia dawa ya upole. Maarufu ni DTPA, kemikali inayozishika metali zilizolegea, njia ya Lindsay na Norvell ya 1978: gramu 10 za udongo uliokauka na kupita kwenye chekeche ya milimita 2, mililita 20 za dawa, mashine inatikisa masaa 2, unachuja, yale maji ndo yanasomwa. Ila hiyo ilitengenezwa kutafuta upungufu wa zinki, chuma, manganizi na shaba kwenye udongo usio na tindikali, na udongo wetu wa kichanga wa huku mwingi una tindikali, so mimi napenda kuongeza kipimo cha pili, kloridi ya kalsiamu ya mola 0.01, haiivurugi sana pH ya udongo, yani kiwango cha tindikali, na kadimiamu, metali nyingine ya sumu, inaonekana vizuri. Risasi humo inatoka kiduchu, mashine ya kusomea iwe kali.

Na pH ipimwe jamani! Ikishuka kadimiamu inaachia, wakulima wa tumbaku mpo? Tumbaku inaivuta mpaka majanini, na mbolea nyingine za fosfeti zinakuja nayo.

Turudi kwa mama. Risasi haipandi sana toka mzizini kwenda kwenye jani, kinachomponza mlaji mara nyingi ni vumbi na matope yanayorukia majani mvua ikipiga, na hilo kipimo cha udongo hakilioni, nikamwambia alete mchicha wenyewe, fungu tutakaloosha na fungu la hivohivo. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo.

Udongo wa kwenye kopo sikuupima, rangi zingine zenyewe zina risasi. Nikampa ndoo safi ya plastiki akachote upya, sehemu kama 10 za bustani, sentimita 15 za juu, achanganye.