Mwezeshaji, mvua nayo ni ajenda yako

Sisi wawezeshaji tulifundishwa tusiwe na upande, wewe uliza maswali, andika kwa flipchati, wenye mkutano ndio waamue. Nakubali kabisa na ndivyo ninavyofanya kazi huku pwani ya Kenya, Tana River na Kilifi. Ila kuna wenzangu hiyo sheria wameipeleka mbali sana, mkutano wa kupanga miradi ya wadi unaanza mpaka unaisha na mwezeshaji hajagusa habari ya ukame wala mafuriko, ati kwa sababu hakuna mshiriki aliyeileta. Hapo siko nao. Kisima au bwawa, mbegu au nyasi za mifugo, hayo ni yao na sina neno. Lakini mvua imebadilika na kunyamaza kuhusu hilo ni kuwaacha watu wapange maisha yao gizani.

Manake hata huhitaji kwenda mbali. Kuanzia vuli ya 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaja watu wakahama na watoto mgongoni, halafu 2024 mafuriko tena. Wanasayansi wa World Weather Attribution waliuchunguza ule ukame wakasema mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wake si chini ya mara 100. Na Kenya nzima gesi tunazotoa zinazopasha dunia joto hazifiki hata asilimia 1 ya zile za dunia nzima. Sasa mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa akikuuliza mbona sisi, usimrushie mada nyingine. Mpe hizo namba, na umwachie muda wa kukasirika, ana haki.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni utabiri wa msimu. Idara ya Hali ya Hewa huutoa kwa uwezekano, mfano asilimia 45 mvua izidi kawaida, 35 iwe ya kawaida, 20 iwe chini. Ukiisoma hivyo barazani watu wanasikia kitu kimoja tu, mvua inakuja kubwa, basi. Mimi huchora duara tatu chini mchangani, nachukua punje 20 za mahindi nilizozipaka rangi tatu, kila punje ni asilimia 5, 9 za rangi moja naweka duara la kwanza la mvua nyingi, 7 la pili la kawaida, 4 la tatu la mvua chini, halafu naomba mtu afumbe macho nichanganye zote achague moja. Hapo ndio utasikia kina mama wakianza kusema, kumbe hizo 4 nazo zipo, basi tusipande mahindi shamba lote, tuweke na pojo na kunde kidogo. Sijawaambia wapande nini. Wazee wanaosoma dalili za miti na nyota nao wanazungumza, tena kabla ya ofisa wa hali ya hewa, kwa sababu akishaongea mwenye karatasi ya serikali wazee hunyamaza. Huu utaratibu wa kuwakalisha pamoja ulianza kutumika Garissa 2011 na unafanya kazi, shida ni wawezeshaji wanaoruka hiyo sehemu ili wawahi chakula cha mchana.

Halafu kuna nani anasikika. Huku Mto Tana wakulima na wafugaji wanagawana mto mmoja, na zile njia za mifugo kwenda kunywa maji, malka, ukame ukikaza ndio zinalimwa manake unyevu umebaki huko huko karibu na maji, na ndio wakati huo huo mifugo kutoka mbali inashuka. Watu wameuana kwa hilo, 2012 hatujasahau. Kwa hivyo ukiita kikao cha "kuhimili tabianchi" ukawaweka wakulima peke yao, wakakubaliana vizuri wapanue mashamba ya kando ya mto, wewe ndiye uliyeandaa ugomvi wa msimu ujao, hata kama ripoti yako ni safi. Malka lazima zichorwe kwenye ramani na wafugaji wenyewe wakiwepo, hata kama kikao kitachukua siku mbili badala ya moja.

Tena siku hizi kuna pesa ndani. Kaunti zina fedha za tabianchi, kuna kamati za wadi chini ya FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na wenyeji, zinazochagua miradi, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti. Nikigawa vikundi, wanawake kando, vijana kando, mara nyingi kisima alichotaka mzee kinashuka nafasi ya tatu na juu inakuja barabara ya kutokea mafuriko yakija.

Basi nikiitwa kazi sasa hivi nauliza mambo mapema: utabiri wa msimu nitapata kabla ya kikao au la, wafugaji wamealikwa au la, na bajeti ina siku ya kurudi kuwaambia watu ni mradi gani umepita na gani umekataliwa na kwa nini. Hiyo siku ya kurudi ndiyo huwa inakatwa ya kwanza. Ikikatwa, kazi siichukui.