Je, wajua kwa nini ghorofa 4 zaweza kuubana mji kuliko ghorofa 10?

Ploti ikishazungushiwa mabati pale Moi Avenue ama Nkrumah Road hapa Mombasa, na picha kubwa ya jengo la vioo ikabandikwa nje, maduka chini, maofisi katikati, fleti juu, basi ubishi huanza hata kabla tingatinga halijafika. Mmoja asema ghorofa 15 ni nyingi mno, mji utafurika. Mwengine amjibu kwani wewe wataka tukae na mapaa ya mabati mpaka kiyama, Nairobi wajenga sisi twatazama tu. Na kuna yule wa tatu, yeye haongei mengi, auliza waliopasisha plani walipewa nini. Sasa wote hawa wanavutana juu ya nambari moja, ghorofa ngapi, na hiyo nambari peke yake haikwambii karibu kitu.

Ngoja nieleze. Wapangaji wa miji wana vipimo viwili. Cha kwanza ni ploti reshio, yaani ukijumlisha sakafu zote za jengo kutoka chini mpaka juu unapata mara ngapi ya ukubwa wa ploti yenyewe. Cha pili ni kavareji, yaani jengo limekalia sehemu gani ya ardhi pale chini. Tuseme una ploti ya mita 1,000 za mraba, hiyo ni robo eka hivi, na umeruhusiwa reshio ya 3. Maana yake una mita 3,000 za sakafu uzipange utakavyo. Ukikalia asilimia 75 ya ploti, kila ghorofa ina mita 750, kwa hivo ghorofa 4 tu zishamaliza. Ukikalia asilimia 30, kila ghorofa ina mita 300, utapanda mpaka ghorofa 10 ndo umalize zile zile 3,000. Fleti ni zile zile, watu wale wale, magari yale yale, vyoo vile vile. Tofauti ni kwamba la kwanza limekubakishia mita 250 za uwazi na la pili limekubakishia 700.

Kwa hivo mtu akikwambia 10 zajaza mji na 4 hazijazi, muulize kwanza reshio ni ngapi.

Lakini usiichukue hesabu hiyo ukaenda kumtetea develapa, yaani mwenye mradi wa kujenga, maana mjini kwetu mara nyingi yeye anataka vyote viwili, akalie ploti ukuta kwa ukuta na bado apande juu. Ukimsikiliza ana sababu zake. Kisiwa hakiongezeki, ardhi ni ghali, na kila ghorofa anayoongeza inagawanya bei ya ile ardhi ikawa nafuu kidogo. Halafu fleti za juu ndo zinaona bahari na ndo zinauzwa bei. Ila kupanda nako kuna mwisho wake, kwa sababu ukienda juu sana nguzo za chini lazima ziwe nene, pampu za maji ziongezeke, lifti ziwe mbili tatu, na mashimo ya lifti na ngazi yanakula sakafu katika kila ghorofa, kwa hivo inafika mahali ghorofa moja zaidi inakula zaidi ya inavyoingiza. Majengo mengi ya Kenya yasiyo na lifti yanaishia ghorofa ya 4 ama ya 5, na sio kwa kupenda, hakuna mpangaji wa kubeba mtungi wa gesi zaidi ya hapo.

Sasa njoo kwa upepo, hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndo kitu tunachokisahau zaidi na ndo kinatuhusu zaidi.

Sheria nyingi za urefu ulimwenguni zimezaliwa na kivuli. New York walijengewa Equitable Building, likamalizika 1915, karibu ghorofa 40 zimepanda wima kutoka ukingoni mwa barabara, majirani wakajikuta gizani mchana kweupe, na mwaka uliofuata, 1916, jiji likatoa sheria kwamba ukipanda juu lazima jengo lirudi nyuma kwa vidato ili mwanga ufike chini. Vile vidato vimekuwa fashoni mpaka leo, hata huku utaviona kwenye michoro. Lakini Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta bana. Saa sita mchana jua liko utosini, na sijamsikia mtu Digo Road saa nane analalamika kwamba kivuli kimezidi, watu wanavuka barabara kukitafuta.

Chetu ni upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hivi mpaka Machi, na kusi inavuma kutoka kusini mashariki, Aprili mpaka Septemba hivi. Zote mbili zinaingia kutoka upande wa bahari. Sasa wewe panga majengo mapana ya ghorofa 8 yamegusana kuanzia Kizingo, mtaa ulio ukingoni mwa bahari, ukishamaliza umejenga ukuta, upepo ukifika pale unapanda juu unapita, na nyuma yake panabaki bwawa la hewa isiyotembea ambalo linaenda mbali, mara kadhaa ya urefu wa lile jengo. Wa mbele anakula upepo wa bahari na wa nyuma, ambaye alikuwa nao tangu babu yake, ananunua feni. Jengo jembamba refu lililosimama peke yake, hata kama ni ghorofa 20, upepo unagawanyika pembeni unaungana tena huko mbele. Unaona, tumerudi pale pale, upana ndo unatunyima hewa kuliko urefu.

Na vioo. Jua la Mombasa kwa sababu liko juu mchana halipigi kuta za kaskazini na kusini sana, linapiga paa. Kuta zinazoungua ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kwa hivo jengo la busara hapa linanyoosha ubavu wake mrefu kutazama kaskazini na kusini, na madirisha yake yanawekewa vibaraza ama vizuizi vya jua. Lakini picha za matangazo zinakuja na ukuta mzima wa kioo unatazama magharibi, kisha mwenye fleti anawasha eisii, mashine ya kupoza hewa, kutwa kucha, na ile eisii inatoa joto nje, kwenye kichochoro cha jirani asiye na eisii. Wazee wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba nyumba zikitiliana kivuli, madirisha ya mbao yenye matundu ya kupitisha hewa, na hawakuwa na injinia wa kuwaandikia ripoti. Mwaka 2018 kaunti ilitoa amri majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, watu wakabishana sana, wengine wakanuna. Mimi nyeupe nailipia hata leo kwa sababu inarudisha joto, lakini ni ajabu kwamba mji uliweza kuamua rangi ya ukuta kabla ya kuamua ukuta wenyewe utazame wapi.

Tushuke chini. Duka chini nyumba juu sio kitu cha wazungu walichotuletea na jina jipya. Biashara Street leso zinauzwa chini na watu wanalala juu tangu zamani, na yale majengo ya zamani mjini, ghorofa ya kwanza inatokeza juu ya njia ya miguu imeshikwa na nguzo, kwa hivo unatembea kivulini, mvua ikipiga hulowi, na muuza kahawa ana pa kusimama. Ghorofa ya chini ya jengo ndo inayoonwa na watu elfu, ya kumi na tano inaonwa na mwenye nayo na kunguru.

Ndo maana kinachoniudhi mimi zaidi ni pakingi. Sheria zinamtaka mwenye jengo aweke nafasi za magari, na kwengine angezichimbia besmenti, lakini kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe. Jiwe lenyewe ni gumu kiasi, linabeba mzigo, lakini lina mapango ndani, kwa hivo injinia mzuri lazima atoboe sehemu kadhaa ahakikishe nguzo yake haitakalia shimo, na ukichimba chini sana karibu na bahari maji ya chumvi yanakuja kukusalimia, utayapiga pampu maisha yako yote na chumvi itakula vyuma vya zege. Besmenti inakuwa ghali. Basi anafanya rahisi, magari yanapandishwa ghorofa ya kwanza mpaka ya tatu, na sisi tunaotembea tunapata ukuta mrefu wenye nyavu za chuma na moshi, hakuna duka, hakuna dirisha, hakuna baraza. Njia ikishakuwa hivo usiku inaogopesha. Na hilo halina uhusiano wowote na kama juu kuna ghorofa 5 au 25.

Maji ndo usiseme. Yanatoka mbali, Mzima Springs kule Tsavo zaidi ya kilomita 200, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi huko Kwale, na yote yakijumlishwa hayatoshi mji. Jengo jipya la fleti 100 likikosa maji ya mfereji linachimba kisima, kisima kikivutwa sana maji ya bahari yanapenya, na visima vya mtaa mzima vinageuka chumvi. Maji taka nayo, sehemu kubwa ya mji inategemea mashimo, na matumbawe yana matundu, kinachoingia shimoni kwako kinaweza kutokea kisimani kwa jirani. Kwa hivo mtu akitaka kupinga jengo kwa hoja nzito, hapa ndo pa kuanzia, alete barua inayoonyesha maji yatoka wapi na uchafu waenda wapi.

Kuna mahali lakini urefu wenyewe ndo tatizo, sitaki kudanganya. Fort Jesus iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011 na Mji wa Kale ndo ukanda wake wa kinga, pale hata ghorofa mbili zaidi zinavunja sura, hata mnara wa Msikiti wa Mandhry unaweza kufichika. Unguja, Mji Mkongwe, hoteli iliyojengwa Mambo Msiige ilileta mvutano na UNESCO na urefu ulikuwa moja ya malalamiko. Kuna mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, ambayo lazima ikubali urefu kwa ajili ya ndege. Kuna moto, ngazi ndefu za kawaida za zimamoto zinafika mita 30 hivi, ukipita hapo jengo lazima lijizimie lenyewe, bomba zake, tangi lake, ngazi ya kukimbilia isiyojaa makatoni.

Na kuna stara. Mtu amejenga nyumba yake Kibokoni, uani wanawake wanaanika nguo na kukaa kichwa wazi, halafu dirisha la ghorofa ya 6 linatazama moja kwa moja ndani. Wajuaji wengine wanaona ni ushamba kulalamika hivo, mimi naona ni hoja ya usanifu kama nyengine yoyote, na dawa yake inajulikana, dirisha la upande ule lipandishwe juu ya macho ama liwekewe mbao za matundu, kazi ya siku moja kwenye mchoro kama kuna aliyekumbushwa mapema.

Mapema ndo penyewe. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kaunti ikishatoa kibali, mwenye malalamiko ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayoitwa Liaison Committee, na asiporidhika aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo inapingwa kwenye baraza la rufaa la mazingira, National Environment Tribunal, ndani ya siku 60. Watamu walipoletewa mpango wa mnara wa ghorofa 61, wakaazi waliupinga na mpaka leo haujajengwa. Kwenye faili ya jengo omba karatasi nne, reshio, kavareji, mchoro wa ghorofa ya chini, na ripoti ya maji. Ukienda na "ni refu mno" peke yake, wakili wa develapa atakuonyesha ghorofa nyengine ndefu kando yake na mjadala umeisha. Ukienda na kwamba amekalia asilimia 90 ya ploti, ukuta wa pakingi umeziba njia nzima na kisima chake kitavuta cha msikiti, hapo atalazimika kurudi kwa msanifu wake.